Uzi: Picha ya RAM iliyotumika haithibitishi mfumo upi ni mwepesi. Tuangalie Windows, Linux na macOS zinavyobeba kumbukumbu

Wakuu, habari zenu.

Mabishano ya mfumo endeshi upi ni mwepesi huletewa ushahidi uleule karibu kila mara: picha mbili za skrini. Ya kwanza ni Windows 11 imewashwa tu, hakuna kilichofunguliwa, na tayari GB kadhaa za RAM zimeshaliwa. Ya pili ni Linux kwenye mashine hiyohiyo, matumizi hayajafika hata GB 1. Hukumu inatoka hapohapo. Nimeandika uzi huu kwa sababu watu wanabadili mfumo, wananunua RAM, au wanaitupa kompyuta nzima kwa kutegemea namba ambayo kila mfumo unaihesabu kwa kanuni yake. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: tofauti zipo, na nyingine ni kubwa, ila hazionekani mashine ikiwa imetulia. Zinaonekana RAM inapokaribia kuisha.

Tuanze na hesabu yenyewe.

Windows kupitia Task Manager inakupa "In use", "Available", "Cached" na "Committed". Linux kwa amri ya free -h inakupa used, free, shared, buff/cache na available. macOS kupitia Activity Monitor inakupa "Memory Used", "Cached Files", "Swap Used" (swapu ni nafasi ya diski inayopokea yanayotolewa RAM) na mchoro wa "Memory Pressure". Ukipitisha macho haraka utadhani ni vitu vilevile, lakini hata Linux kwa Linux zinapishana. Matoleo ya zamani ya free yalipata used kwa kuchukua jumla ya RAM, kisha kutoa iliyo wazi na kutoa kache (nakala za faili zinazowekwa RAM ili zisomwe haraka). Matoleo mapya yanachukua jumla na kutoa available. Mashine ileile, kazi ileile, namba mbili. Na mwenye kutumia ZFS, mfumo wa kupanga faili diskini, kwenye Linux ajue kwamba kache yake, ARC, inaingia kwenye used na haionekani kwenye buff/cache. Seva ya namna hiyo inaweza kuonekana imelemewa wakati sehemu kubwa ya kumbukumbu hiyo itaachiwa programu zikiihitaji.

Safu ya kuitazama kwenye Linux ni available. Kerneli, yaani kiini cha Linux, ilianza kuitoa hesabu hiyo katika toleo 3.14, mwaka 2014. Kabla ya hapo watu walijumlisha free na kache wenyewe, na jibu lilikuwa na kasoro, kwa kuwa ndani ya kache mna vitu visivyoweza kutupwa, mfano faili za tmpfs, zinazoishi ndani ya RAM yenyewe.

Free ikiwa ndogo usishtuke. Seli za DRAM zinahuishwa upya kila baada ya milisekunde 64 hivi, ziwe zimebeba data yako au hazijabeba kitu. Kuiacha RAM tupu hakukuokolei umeme wala hakukuongezei kasi. Ndiyo maana mifumo yote mikubwa hujaza nafasi iliyobaki kwa faili zilizosomwa karibuni, ili ukizirudia zitoke kwenye RAM badala ya diski. Ukurasa (kipande kidogo cha kumbukumbu) ambao nakala yake ipo diskini hutupwa papo hapo programu ikiomba nafasi. Windows tangu Vista ina SuperFetch, ambayo siku hizi inaitwa SysMain: inakisia programu utakazofungua na kuzipakia mapema, zikae kwenye Cached.

Sasa kuna jambo ambalo wanaoleta picha hawaligusi kabisa. Katika toleo 1703 la Windows 10, mwaka 2017, Microsoft walibadili jinsi huduma za ndani zinavyoendeshwa. Zamani huduma nyingi zilipangwa pamoja ndani ya mchakato mmoja wa svchost ili kubana matumizi. Tangu hapo, mashine yenye RAM inayozidi GB 3.5 inapewa mchakato wa peke yake kwa karibu kila huduma. Huduma moja ikianguka haiziangushi nyingine, na ulinzi unakuwa bora, lakini kumbukumbu inaliwa zaidi. Maana yake Windows ileile, toleo lilelile, itakula zaidi kwenye mashine kubwa kuliko ndogo, tena kwa makusudi. Anayepima kwenye mashine ya GB 32 kisha akasema "haiwezi kuingia kwenye GB 2" amepima tabia ambayo kwenye GB 2 haipo.

Kosa la pili la upimaji liko kwenye mchakato mmoja mmoja. Safu ya RES ya htop, programu ya Linux ya kutazama michakato, inahesabu pia maktaba ambazo mchakato unazitumia kwa pamoja na wenzake. Ukiwa na michakato ishirini ya kivinjari, maktaba moja inahesabiwa mara ishirini. Kichupo cha Processes kwenye Task Manager kinaonyesha kumbukumbu ya binafsi tu. Ukijumlisha RES upande mmoja na namba ya Task Manager upande wa pili, Linux itaonekana mlafi bila kosa lolote. Dawa kwenye Linux ni PSS, ambayo hugawanya kila ukurasa wa pamoja kwa idadi ya michakato inayoutumia. Programu ya smem inakupa hesabu hiyo moja kwa moja.

Hayo ndiyo ya namba. Ufanisi wenyewe uko hapa chini.

Kusoma kitu kutoka RAM huchukua takriban nanosekunde 100. SSD nzuri ya NVMe inahitaji makumi ya mikrosekunde, wakati mwingine mia. Diski ya kuzunguka inahitaji milisekunde kadhaa, hadi 10. Kwa hiyo ukurasa wa KB 4 uliotolewa RAM na kupelekwa diskini, ukitakiwa tena, unarudi kwa kasi ndogo mara mia kadhaa au elfu kwenye SSD, na mara elfu makumi kwenye diski ya kuzunguka. Kazi yote ya kusimamia kumbukumbu ni kukisia ukurasa upi hautahitajika karibuni. Mwaka 1968 Peter Denning aliipa hoja hiyo umbo linalotumika mpaka leo, la seti ya kurasa ambazo programu inazigusa katika kipindi kifupi. Seti za programu zako zote zikitosha ndani ya RAM, mashine inaenda. Zikizidi, mashine inashinda ikihamisha kurasa huku na kule na kazi haisogei.

Kati ya RAM na diski imeongezwa ngazi ya kubana. Badala ya kupeleka ukurasa diskini, mfumo unaubana na kuuacha palepale kwenye RAM ukiwa mdogo. Apple waliiweka kwenye OS X Mavericks mwaka 2013. Linux ilipokea zswap (ngazi ya kubana inayokaa mbele ya swapu ya diski) katika kerneli 3.11 mwaka huohuo, na zram (swapu iliyobanwa inayokaa ndani ya RAM) ikahitimu katika 3.14 mwaka uliofuata. Windows 10 ilikuja nayo 2015. Fedora 33 ya mwaka 2020 iliiwasha zram tangu usakinishaji, na ChromeOS na Android zinaitegemea sana. Prosesa inalipa gharama kidogo, lakini kufungua ukurasa uliobanwa ni haraka kuliko kuuita kutoka diskini. Kama kuna kitu kimoja kilichorefusha maisha ya mashine za RAM ndogo, kwangu mimi ni hiki.

Mifumo inaachana kabisa linapokuja suala la kuahidi. Programu ikiomba GB 2, Windows inahakikisha kwanza kwamba jumla ya ahadi zote haizidi RAM pamoja na pagefile.sys, faili la swapu lililo diskini. Ikizidi, ombi linakataliwa. Ndiyo sababu mtu anayezima pagefile anaambiwa kumbukumbu imeisha wakati Task Manager bado inaonyesha RAM imebaki: kilichoisha ni kikomo cha ahadi, kile cha "Committed". Linux kwa mipangilio ya kawaida inaahidi kuliko ilivyo navyo, ikitegemea kwamba programu nyingi huomba nyingi na kugusa chache. Mara nyingi inafaulu, na ndiyo siri mojawapo ya kuonekana nyepesi. Siku wote wanapodai walichoahidiwa, kerneli inaita OOM killer, na mchakato mmoja unauawa bila kuulizwa.

Na hapa nawaambia mashabiki wenzangu wa Linux bila kumung'unya: Linux ya mezani isiyo na maandalizi ndiyo inayoshindwa vibaya kuliko zote RAM ikijaa. OOM killer huchelewa. Kabla haijaamka, kerneli inatupa hata kurasa za msimbo wa programu zinazoendelea, inazisoma tena, inazitupa tena, taa ya diski haizimi na kipanya hakisogei. Windows itakuwa nzito lakini kwa kawaida utafika kwenye Task Manager. macOS ndiyo naiona imeipanga vizuri zaidi: inabana mapema, na mchoro wake wa kijani, njano na nyekundu unamwambia mtumiaji kitu cha kweli kuliko asilimia yoyote.

Linux imeshughulikia tatizo hilo kwa bidii. Kerneli 4.20 ya Desemba 2018 ilileta PSI, kipimo kilichotengenezwa na wahandisi wa Facebook, kinachosema ni asilimia ngapi ya muda kazi zimesimama zikisubiri kumbukumbu. Juu ya kipimo hicho ikajengwa systemd-oomd, ambayo Fedora 34 iliiwasha mwaka 2021, ili kuua mlaji mapema kabla mashine haijaganda. Kerneli 6.1 ya Desemba 2022 ikaongeza MGLRU kutoka kwa wahandisi wa Google, inayochagua vizuri zaidi kurasa za kutoa. Kwa hiyo mtu akiniuliza "Linux inasimamiaje kumbukumbu", lazima nimuulize kerneli ipi na nini kimewashwa.

Karibuni kwa maswali.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu somo zuri, ila laptop yangu ya GB 4 ilikuwa inakata pumzi na Windows 10. Nimeweka Linux yenye XFCE (mazingira mepesi ya mezani), inapumua. Sasa kama namba ya mwanzo haina maana, kilichobadilika ni nini?

Mleta uzi: Ndugu, kwenye GB 4 namba hiyo ina maana kubwa, na nakubaliana na ulichokiona. Kile mfumo unachokula kabla hujafungua chochote ni gharama ya kudumu. Ukiokoa GB 1 kwenye mashine ya GB 4, umerudishiwa robo ya nyumba nzima. Ukiokoa GB hiyohiyo kwenye mashine ya GB 32, hutaiona ikifanya kazi yoyote.

Mahitaji ya chini yanayoandikwa na watengenezaji yanaonyesha mwendo huo: Windows XP mwaka 2001 iliomba MB 64, Vista ikaomba MB 512, Windows 10 ya biti 64 ikaomba GB 2, Windows 11 inaomba GB 4. Upande wa Linux hakuna jibu moja, kwa kuwa mazingira ya mezani unayachagua mwenyewe. GNOME na KDE Plasma zina mengi ndani; XFCE na LXQt zimepunguzwa. Mtu anayesema "Linux inatumia kiasi fulani" bila kutaja mazingira hajasema kitu.

Lakini angalia pia vitu viwili. Kwanza, kivinjari ni kilekile. Chrome inaendesha michakato mingi, na tangu Site Isolation iwashwe kwenye Chrome 67 mwaka 2018, tovuti tofauti zinatenganishwa kwenye michakato tofauti kwa ajili ya usalama. Google wenyewe walisema matumizi ya kumbukumbu yaliongezeka kwa takriban asilimia 10 hadi 13. Gharama hiyo inakufuata mfumo wowote. Vivyo hivyo programu zilizojengwa kwa Electron, kila moja inabeba kivinjari chake cha Chromium ndani. Pili, kama laptop hiyo bado ina diski ya kuzunguka, SSD itakusaidia kuliko kubadili mfumo mara tatu. Ukiweza, fanya vyote: XFCE, zram na SSD.

Mchangiaji wa pili: Vipi kuhusu ile kauli kwamba Mac ya GB 8 ni sawa na PC ya GB 16?

Mleta uzi: Kauli hiyo ilitoka Apple mwaka 2023, na sikubaliani nayo. Ina chembe ya ukweli: macOS inabana vizuri, SSD zao ni za haraka, na kutoa ukurasa diskini hakuumizi sana. Lakini picha kubwa, video na sampuli za sauti mara nyingi tayari zimebanwa au hazibaniki, na hapo ngazi ya kubana haikusaidii. Pia kwenye prosesa za Apple RAM ni moja kwa CPU na GPU. Kinachochorwa kwenye skrini kinatoka kwenye GB zilezile 8. PC yenye kadi ya michoro yenye kumbukumbu yake haina mzigo huo, ingawa laptop nyingi zisizo na kadi hiyo zinao. Oktoba 2024 Apple walipandisha Mac zao kuanzia GB 16. Hilo linatosha kujibu.

Na ukiona "Swap Used" ina GB kadhaa kwenye Mac huku mchoro uko kijani, iache. Ni kurasa ambazo hazijaguswa muda mrefu.

Mchangiaji wa tatu: Zile programu za kusafisha RAM je?

Mleta uzi: Ziondoe. Kwenye Windows zinalazimisha programu kuachia kurasa ambazo zitaitwa tena baada ya sekunde chache, na kache uliyoilipia kwa muda inatupwa. Kwenye Android ni mbaya zaidi: mfumo una lmkd yake ya kuua programu kwa mpangilio wa umuhimu, na programu iliyouawa bila sababu inawashwa upya kutoka mwanzo, kazi inayokula betri kuliko kuiacha ilale kwenye RAM.

Mchangiaji wa nne: Kama mtu anataka kulinganisha kwa haki afanyeje? Nina mashine moja, naweza kuweka mifumo miwili.

Mleta uzi: Mashine moja ndiyo sharti la kwanza, kwa hiyo umeshaanza vizuri. Tumia kivinjari kilekile, toleo lilelile, bila viongezi. Washa mashine, iache itulie dakika kadhaa, kwa sababu Windows inafanya kazi nyingi za nyuma mara tu baada ya kuwaka, masasisho na ukaguzi wa virusi, na Linux nazo zina kazi zake. Usirekodi used. Rekodi available.

Kisha fungua tovuti zilezile kwa mpangilio uleule, moja baada ya nyingine, mpaka mashine ianze kusitasita ukirudi kwenye vichupo vya mwanzo. Hapo ndipo unapopima. Kwenye Linux endesha vmstat 1 na uangalie safu za "si" (swap in, kurudi RAM) na "so" (swap out, kwenda swapu): "si" ikiendelea kuwa juu kila sekunde, kurasa zinarudi kutoka swapu na unaumia kweli. Soma pia /proc/pressure/memory. Mstari wa full, avg10 (wastani wa sekunde 10), ukipanda mbali na sifuri, kazi zote zinasimama kusubiri. Kwenye Windows fungua Resource Monitor, tazama Hard Faults kwa sekunde, na ulinganishe "Committed" na kikomo chake. Kipimo cha hard fault kinahesabu pia usomaji wa kawaida wa faili, basi usishtuke na mruko mmoja programu inapofunguka; kinachotafutwa ni kile kisichoshuka.

Kiasi cha swapu kilichotumika peke yake hakina hukumu. Swapu inaweza kujaa kurasa zilizolala tangu asubuhi na mashine ikawa nyepesi kabisa. Na diski iwe ileile kwa mifumo yote miwili. Ukiweka mmoja kwenye SSD na mwingine kwenye diski ya kuzunguka, umelinganisha diski.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu nimewasha zram kama ulivyosema. Swapu ya diski niiache au niifute?

Mleta uzi: Inategemea unataka nini. Kama unalaza mashine kwa kuhifadhi RAM yote diskini, iache, maana zram haiwezi kazi hiyo, umeme ukizimwa vilivyomo vinapotea. Ukiziacha zote mbili, ipe zram kipaumbele cha juu. Tatizo litakalobaki ni kwamba zram ikijaa, waliotangulia wanabaki ndani hata kama hawahitajiki tena, na kurasa mpya zenye moto ndizo zinazopelekwa diskini. Ikiwa swapu ya diski lazima iwepo na inatumika mara kwa mara, zswap inafaa zaidi, kwa kuwa yenyewe inasukuma kurasa za zamani diskini na kuwabakiza wapya RAM. Usiwashe zswap na zram pamoja. Zswap inakaa mbele na kuzidaka kurasa kabla hazijafika zram. Baadhi ya distro zina zswap tayari imewashwa, kwa hiyo soma /sys/module/zswap/parameters/enabled kwanza.

Ukibaki na zram peke yake, pandisha vm.swappiness, namba inayoiambia kerneli ipendelee swapu kiasi gani, kutoka 60 ya kawaida. Tangu kerneli 5.8 inaruhusiwa hadi 200, na nyaraka za kerneli zenyewe zinasema thamani zaidi ya 100 zinafaa pale swapu inapokuwa ndani ya RAM. Anza na 150, fungua kazi zako za kila siku, kisha utuletee "si" na avg10 hapa tuzione.